UZI: Tanki la BSA Bantam ya marehemu babu linavuja, fundi wa mageti anataka kulichomelea leo leo

Mjukuu_Bantam (Tororo)

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo.

Nimeachiwa pikipiki ya marehemu babu, BSA Bantam D7, zile zilizotengenezwa Uingereza kati ya 1959 na 1966. Ilikuwa imelala ghala la mahindi, imefunikwa magunia, kuku wanatagia kwenye kiti. Injini inazunguka, cheche ipo, kabureta nimeifungua nikaisafisha. Shida ni tanki. Nilitia petroli yenye oili, maana ni tustroki (injini ya mipigo miwili), haikuchukua muda sakafu ikalowa. Unyevu unatokea chini, kwenye ule mfereji unaokalia bomba la fremu, na koki ya kufungia mafuta nayo inadondosha.

Nimelipeleka kwa fundi wa kuchomelea hapa mjini, anayetengeneza mageti. Kaligonga kwa spana, kalinusa, kasema, "Mwaga mafuta, lete, dakika tano." Bei yake nzuri. Shangazi kasikia, kanikataza katakata, anasema alishaona mtu akiungua kwa kazi hiyo hiyo. Nani yuko sahihi? Na kama si kuchomelea, tufanyeje? Tanki la kuagiza ng'ambo silitaki. Nembo iliyo ubavuni babu aliipaka kwa mkono wake.

Fundi_Bati_Katwe

Shangazi yuko sahihi, mtii. Niko na mteja sasa hivi, jioni nitaandika vizuri. Kwa sasa: lifungue, mwaga mafuta nje kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko, koki na mfuniko viache wazi, liweke mbali na jiko. Na asilisogelee mtu mwenye sigara.

Boxer_Busia

Mnamtisha kijana bure. Hapa steji ya bodaboda matanki ya pikipiki za Boxer yanachomelewa kila siku. Wanaosha na sabuni ya unga, wanachoma, watu wanarudi barabarani.

Mwalimu_Kemia_Mbale

Ndugu Boxer, mimi nafundisha kemia, hebu tuelewane kidogo. Petroli yenyewe ikiwa kimiminika haiwaki, kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Mvuke ukiwa chini ya asilimia 1.4 hivi ya hewa iliyomo, hauwaki. Ukizidi asilimia 7 na ushee, hauwaki pia, hewa imepungua mno. Katikati hapo ndipo panapolipuka. Tanki lililojaa halina nafasi ya mchanganyiko huo. Tanki ulilomwaga juzi, lenye matone yaliyojificha kwenye maungio, ndilo lenye kipimo kamili. Na petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse jua la Tororo.

Wanaopona kwenye steji yenu wanapona kwa sababu walibahatika kuwa nje ya kile kipimo. Bahati hiyo haina cheti.

Kuna jambo la pili ambalo fundi wa mageti hawezi kulijua kwa kunusa. Hii ni tustroki. Kwa miaka yote mafuta yaliyoingia humo yalikuwa na oili, na petroli ikikauka oili inabaki ukutani, inaganda kama lami nyembamba. Sabuni moja haiitoi. Harufu ya petroli inaweza kuwa imekwisha kabisa, lakini ukipasha chuma ile oili inaanza kutoa mvuke wake yenyewe, nao unawaka vilevile. Kwa hiyo tanki la tustroki linahitaji kuoshwa zaidi kuliko la Boxer.

Boxer_Busia

Sawa mwalimu, la tustroki sikulijua. Lakini kuna wanaoingiza moshi wa gari kwa mpira ndani ya tanki wakati wa kuchoma, ili kufukuza hewa. Hiyo vipi?

Mwalimu_Kemia_Mbale

Wazo lina msingi: moshi wa injini iliyotuniwa vizuri una oksijeni kidogo. Lakini gari gani hilo? Egzosi yenye matundu inavuta hewa njiani, huna kipimo cha kujua kilichofika tankini, na ukichomoa mpira hewa inarudi. Ongeza na ile gesi ya kaboni monoksidi inayoua watu kimyakimya. Viwandani hutumia gesi ya agoni au kabondayoksaidi kutoka kwenye mtungi, na wana vifaa vya kupima mvuke. Kama fundi wako ana mtungi wa agoni na mashine ya TIG (ya kuchomelea kwa umeme chini ya gesi hiyo), na tanki limeoshwa hadi likaosheka, hayo ni mazungumzo mengine.

Dada_Gereji_Jinja

Mbona wote mmekimbilia moto? Kijana amesema sehemu mbili: mfereji na koki. Anza na koki, pengine nusu ya kazi imeishia hapo.

Pikipiki nyingi za Uingereza za zama hizo zilikuwa na koki ya kusukuma na kuvuta, na kinachozuia mafuta ndani yake ni kizibo cha gome, lile gome la vizibo vya mvinyo. Tanki likikaa kavu miaka, kizibo kinasinyaa. Kitoe, kichemshe kidogo kwenye maji, kinavimba tena. Kikiwa kimemomonyoka, badilisha. Halafu tazama washa, ile pete ya kuzuia mvujo iliyo kati ya koki na tanki. Nyuzi za koki za Kiingereza mara nyingi ni robo inchi ya BSP, yaani zilezile za mabomba ya maji, kwa hiyo duka la vifaa vya ujenzi linaweza kukutoa. Ila usichukue washa ya mpira wa maji, petroli itaivimbisha iwe uji. Chukua ya faiba au ya shaba.

Sasa mfereji. Toa rangi yote ya chini kwa brashi ya waya ya mkono, tanki likiwa limejaa maji. SI brashi ya mashine, inatoa cheche. Nakuhakikishia utakuta fila, ule udongo wa kujazia mabonde kabla ya rangi. Matanki ya umri huo huwa na fundi mwingine aliyepita kabla yako.

Mjukuu_Bantam (Tororo)

Dada, wewe umeniroga! Nimekwangua, nimekuta fila unene wa kidole, chini yake kipande cha kitambaa kilichogandishwa kwa gundi. Nimekivuta kikatoka kizima. Hapo pana kutu laini, nikibonyeza kwa ukucha inaingia ndani. Tundu moja nalipitisha sindano. Kingo nyingine zinaonekana nzima lakini siziamini.

Koki kweli ni ya kuvuta. Kizibo kimekauka hadi kinazunguka chenyewe.

Dada_Gereji_Jinja

Usiziamini. Kutu ya tanki inakula kutoka ndani. Maji ni mazito kuliko petroli, yanazama, yanakaa palepale chini kwenye kona za mfereji. Na hayaingii kwa mvua tu. Tanki nusu tupu linapumua: mchana linatoa hewa, usiku linavuta hewa yenye unyevu, unyevu unaganda ukutani na kuteremka. Tundu uliloliona ni la kwanza kujitangaza.

Ndiyo maana sikushauri uzibe sasa. Toa kutu kwanza, matundu yote yajitokeze, ndipo uzibe mara moja. Ukiziba leo, wiki mbili mbele litavuja sentimita tatu pembeni.

Mnubi_wa_Bombo

Naongezea ya wazee. Ukiwa njiani na tanki limetoboka kidogo, sugua sabuni ya mche kwenye tundu mpaka iingie. Petroli haiyeyushi sabuni. Inakufikisha nyumbani. Marehemu baba alikuwa na kipande kwenye mfuko wa shati safari zote za Arua. Lakini maji yanaitoa, kwa hiyo mvua ikinyesha unaanza upya.

Boxer_Busia

Hii nimeiweka kichwani mzee, asante.

Mjukuu_Bantam (Tororo)

Basi kutu naitoaje? Kijana wa betri hapa jirani ameniambia nimimine maji ya betri, asubuhi tanki litang'aa.

Mwalimu_Kemia_Mbale

Litang'aa, na asubuhi inayofuata utakuwa na chujio. Maji ya betri ni asidi ya salfa. Inakula kutu, ikimaliza inaendelea na chuma, na chuma chako pale chini kimebaki chembamba kama karatasi. Ile ya kusafishia vigae, ya hidrokloriki, ni mbaya zaidi: hata ukisuuza, chumvi yake inabaki kwenye maungio na kurudisha kutu haraka.

Siki ya kawaida ya dukani, yenye asidi asilimia 5 hivi, inatosha. Ni ya polepole, unajaza tanki zima, unaziba matundu kwa sabuni ya mzee wa Bombo (hahaha, siki nayo ina maji, utakuwa unairudia), unaacha siku moja au zaidi, unachungulia. Unga wa asidi ya ndimu kwenye maji ya moto unakwenda kasi zaidi. Lakini kumbuka ile lami ya oili: asidi haipenyi oili. Kwanza osha mafuta. Maji ya moto na sabuni ya kuoshea vyombo, nati chache na kokoto zenye kona ndani, funga, tikisa, mwaga, rudia hadi maji yatoke bila utelezi kwenye vidole. Hiyo ndiyo kazi ya kuchosha mikono, hizo nyingine ni kusubiri.

Dada_Gereji_Jinja

Mwalimu, badala ya nati tumia kipande cha mnyororo wa zamani. Nati moja ikijificha nyuma ya mfereji utaitafuta hadi Krismasi. Mnyororo unaushika ncha unatoka wote.

Mhandisi_Mbarara

Nawasalimu. Mimi natumia umeme, sijaona dawa bora kwa tanki la aina hii kwa sababu hauli chuma kizima. Jaza tanki maji, kila lita nne kijiko kikubwa cha soda ya kufulia. Ning'iniza kipande cha nondo katikati kupitia mdomo wa tanki, kisiguse ukuta popote, kivalishe mpira sehemu ya juu. Chaja ya betri ya volti 12: waya wa HASI kwenye tanki, CHANYA kwenye nondo. Ukigeuza, unalila tanki badala ya nondo. Baada ya muda mfupi utaona povu, na nondo inaanza kuota matope ya kahawia. Itoe, ikwangue, irudishe.

Tahadhari tatu. Lile povu lina hidrojeni, fanya nje. Usitumie chuma cha pua (kisichoshika kutu) badala ya nondo, maji yatakuwa na kromiamu yenye sumu. Na chaja za kisasa zinakataa kuwaka zisipoona betri, basi unganisha na betri ya zamani sambamba.

Mnubi_wa_Bombo

Mhandisi, soda ya kufulia huku siioni. Magadi ya sokoni, haya ya kulainishia maharage, hayafai?

Mhandisi_Mbarara

Ni karibu ndiyo hiyo hiyo mzee, lakini magadi ya mawe huja na chumvi na udongo, na chumvi ikipitiwa na umeme hutoa klorini. Chukua soda ya kuokea mikate, itandaze kwenye sinia, iweke kwenye oveni ya moto saa moja. Inageuka kuwa soda ya kufulia.

Boxer_Busia

Umeme ukikatika katikati?

Mhandisi_Mbarara

Unakunywa chai. Ukirudi inaendelea. Usiache tu siku nzima na maji ndani bila umeme.

Fundi_Bati_Katwe

Nimerudi. Mmesema mengi mazuri, sasa niseme ya kuziba maana ndiyo kazi yangu.

Tundu la sindano na kutu ya chini ya mfereji, mahali pasipobeba uzito, panazibwa kwa lehemu ya risasi na bati. Ile ya bati 60 kwa risasi 40 inayeyuka chini kidogo ya nyuzi 190. Shaba nyeupe na manjano za kulehemu kwa moto mkali zinataka nyuzi mamia juu ya hapo, na unazipata kwa kuelekeza ndimi za moto kwenye tanki. Lehemu laini naifanya bila moto kugusa tanki hata kidogo. Pasi yangu ya kulehemu ni gogo la shaba kwenye fimbo. Naipasha kwenye jiko la mkaa lililo mbali. Upepo upite kando, usiunganishe jiko na tanki. Halafu naibeba pasi, naileta.

Hata hivyo tanki liwe limeoshwa kama mwalimu alivyosema. Pasi yenyewe ina joto la kutosha kuwasha mvuke. Mtu asiseme "ni lehemu tu".

Kisha maji. Nalipindua tanki, mfereji juu, najaza maji hadi karibu na tundu ili nafasi ya mvuke iwe ndogo. Hapa wengi wanashindwa: wanajaza hadi maji yanagusa chuma kinacholehemiwa, halafu wanashangaa lehemu inaganda vitonge na kubingirika. Maji hayaruhusu chuma kipite nyuzi 100, na lehemu haishiki hapo. Acha upana wa kidole. Na mdomo wa koki, ambao sasa uko juu, lazima uwe wazi, maana hewa ikipashwa bila pa kutokea itakutemea lehemu usoni.

Chuma kisafishwe kwa msasa hadi kiwe cheupe, si cha kijivu, CHEUPE, vidole viwili kuzunguka tundu. Asidi ya kulehemu natengeneza mwenyewe: spiriti ya chumvi, yaani hidrokloriki, natumbukiza vipande vya zinki vya gamba la betri za tochi za kawaida, kidogo kidogo, nje, hadi iache kuchemka. Ikiacha kuchemka imeshakufa, ndiyo inayofaa. Paka kwa unyoya, weka pasi, lehemu itambae yenyewe. Ikitambaa na kung'aa umeshinda. Ikikusanyika, kuna uchafu, rudi kwenye msasa.

Kwa eneo lako lenye kutu laini usijaze lehemu peke yake. Kata kiraka kutoka kopo la maziwa ya unga, lile bati limeshapakwa tayari linapokea lehemu vizuri. Kona zake zikate mviringo. Paka lehemu kiraka, paka lehemu tanki, kisha bandika moja juu ya jingine na pasi ya moto hadi uone lehemu inachungulia kingo zote.

Mwisho suuza asidi yote, ndani na nje, maji ya soda ya kuokea kisha maji safi. Ukiiacha, mwaka ujao utaniandikia tena.

Kama tundu lingekuwa kwenye masikio ya kufungia bolti, nisingekushauri hivi. Pale pikipiki inatikisika, lehemu laini inapasuka. Hapo ni kazi ya TIG na agoni.

Kijana_Epoksi

Wazee mnapenda mateso. Gundi ya chuma ya sehemu mbili, unachanganya, unapaka, kesho unaendesha.

Fundi_Bati_Katwe

Mwanangu, gundi nzuri inayovumilia petroli ipo na siidharau. Kwa tundu dogo, chuma kikiwa cheupe na kikavu, inakaa. Lakini unaibandika kwenye chuma kilicholiwa kwa ndani. Kile kitambaa alichokivuta kijana asubuhi, unadhani kilikuwa nini?

Kijana_Epoksi

😂 Nimeinua mikono. Na ile rangi ya kumimina ndani, ya kufunika tanki lote?

Dada_Gereji_Jinja

Mimi siipendi, wengine watanipinga. Inategemea maandalizi kuliko mtu anavyofikiri. Ikibaki oili kidogo au unyevu, inabambuka vipande, vinaenda kuziba koki na kabureta, na kuitoa tena ni kazi ya asetoni na machozi. Zile za zamani petroli yenye ethanoli inazilainisha. Halafu kwa anayekuja baadaye: mvuke unajificha chini ya ngozi ile, kwa hiyo tanki lenye rangi ya ndani lisilehemiwe kabla halijabambuliwa lote. Kama lehemu imeshika, tanki la tustroki lijaze mafuta yenye oili, usiliache nusu. Linajilinda.

Mjukuu_Bantam (Tororo)

Wakubwa, mrejesho. Oili ndiyo ilinitesa, maji ya moto na mnyororo hadi mabega yakauma. Umeme wa mhandisi umefanya kazi, nimeona chuma cha kijivu ndani ambacho nadhani babu mwenyewe hakukiona. Matundu yaliyokuwa yamezibwa na kutu yamejitokeza, mawili upande wa kushoto wa mfereji ambayo sikuyategemea. Fundi bati mmoja hapa Tororo amekubali kufanya kwa pasi, nimemsomea maelezo ya Fundi wa Katwe, akacheka akasema "huyo anajua", kisha akasema jiko liwekwe kwenye kona ambako upepo haupeleki mvuke.

Tumejaribu kwa maji, halivuji. Niliweke?

Mwalimu_Kemia_Mbale

Bado. Maji yana mvutano wa uso mkubwa, yanaweza kukataa kupita kwenye kitundu ambacho petroli itapita bila hodi. Kausha tanki, ponda chaki nyeupe, changanya na maji kidogo, paka sehemu yote uliyolehemu kwa nje, iache ikauke iwe nyeupe. Mimina mafuta ya taa ndani, acha usiku. Mahali panapopenya patakuwa na doa jeusi juu ya chaki, hata kama ni dogo kiasi gani. Ukiona doa, tanki linarudi kuoshwa upya kabla ya pasi, mafuta ya taa nayo yanawaka.

Usitumie kompresa ya gereji kulijaribu. Tanki si tairi, litavimba.

Dada_Gereji_Jinja

Na usilikaushe ukaliacha. Chuma kilichotolewa kutu kinaota nyingine ndani ya muda mfupi ajabu. Suuza na spiriti ya kileo (si ile ya chumvi), kisha zungusha oili ya tustroki kidogo ndani.

Mjukuu_Bantam (Tororo)

Chaki imelala usiku, asubuhi doa moja la ukubwa wa punje ya mtama kwenye ukingo wa kiraka. Tumeosha, tumerudia pasi, chaki tena: nyeupe. Kizibo cha koki nilichochemsha kimeshika, na washa ya faiba nimeipata dukani kwa mabomba kama dada alivyosema, muuzaji akaniuliza nyumba yangu ina vyumba vingapi.

Iko kwenye fremu. Imewaka. Inatembea hadi njia panda halafu inazima, nikisubiri kidogo inawaka tena. Tanki kavu chini.

Mnubi_wa_Bombo

Fungua mfuniko wa tanki wakati inazima. Ukisikia "fyuuu", kitundu cha hewa cha mfuniko kimeziba. Kichokoe kwa waya mwembamba.

Mjukuu_Bantam (Tororo)

Fyuuu imesikika hadi kwa jirani. Kulikuwa na nyumba ya nyigu ndani. Asante mzee.

Boxer_Busia

Wakuu, mfuniko wangu wa Boxer nao hauna sauti lakini inazima hivyohivyo nikipanda mlima...

Dada_Gereji_Jinja

Chujio. Fungua uzi wako ndugu, huu ni wa Bantam.